Damu kwenye mswaki: jinsi ya kukagua fizi zako mwenyewe kabla jino halijaanza kucheza

Mzee mmoja alinijia ameshika kiberiti. Nilidhani anatafuta pa kuvutia sigara. Akakifungua mezani: ndani kulikuwa na gego la chini, limelazwa juu ya pamba kama pete. Lilitoka asubuhi ile akila muhogo, na aliapa hakusikia maumivu yoyote. Swali lake lilikuwa moja tu: "Tabibu, hebu nitazamie, tundu liko wapi?"

Nililigeuza kwenye taa mara mbili. Tundu halikuwepo. Sehemu ya juu ilikuwa nzima kabisa, lile jino lingeweza kutafuna miaka mingine ishirini. Lakini mizizi yake ilikuwa imefunikwa na ugaga mweusi, mgumu, wa kukwaruza, kama yale magamba yanayoganda kwenye nguzo za gati na kuonekana maji yakipwa. Nikamuuliza kama alikuwa akitokwa na damu anapopiga mswaki. "Ah, hiyo ni ya miaka," akasema. "Nilipoona inatoka, nikaacha kuugusa upande ule."

Jibu hilo nimelisikia kwa walimu, kwa madereva, kwa mama lishe, na hata kwa wauguzi wenzangu. Damu inaonekana, mtu anadhani amejiumiza, anaupumzisha upande ule, na ukoga unapata makao ya kudumu.

Jino lililooza litakuamsha usiku wa manane. Fizi hazina tabia hiyo. Zinaweza kuugua miaka kumi nawe unakula na kulala kama kawaida. Kwa hiyo kwa ugonjwa huu, anayesubiri maumivu ndiyo yampeleke kwa daktari atafika na kiberiti mkononi. Dalili zake inabidi uzitafute, kwa macho, kwa kidole, kwa ulimi na kwa uzi. Ni kazi ya dakika kumi hivi nyumbani, na ndivyo ninavyowafundisha wanaokuja kwangu.

Kinachoendelea pale chini

Pita ulimi juu ya meno yako asubuhi. Ule utelezi ni ukoga: utando laini uliojaa bakteria, unaojijenga upya kila siku hata usipokula kitu. Ukiachwa pale jino linapokutana na ufizi, mwili hutuma damu nyingi eneo hilo kupambana nao, ufizi unavimba na kuwa mwepesi wa kuchubuka. Hii ni hatua ya kwanza, na uzuri wake ni kwamba inarudi nyuma kabisa ukiondoa ukoga.

Ukoga usipoondolewa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ndani ya siku chache ukawa ugaga. Ugaga hautoki kwa mswaki hata utumie nguvu za kubeba gunia. Chini ya ufizi, kati yake na jino, kuna kijifereji ambacho kwa mtu mzima wa afya kina kina cha milimita 1 hadi 3. Ugonjwa ukishuka humo, kijifereji kinakuwa kifuko cha milimita 4, 5, 7, na mfupa unaoshika jino unaanza kuliwa. Mfupa ukishaondoka, kwa kawaida haurudi. Kinachowezekana ni kuusimamisha ulipofika. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inakadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1 duniani wako kwenye hatua kali ya ugonjwa huu, kwa hiyo yule mzee wangu ana wenzake wengi.

Andaa vitu na uchague wakati

Fanya ukaguzi asubuhi, kabla ya mswaki na kabla ya chai. Unahitaji kioo, tochi ya simu, kitambaa cheupe au pamba, na uzi wa meno kutoka duka la dawa. Usipoupata uzi, chukua kijiti cha meno cha mbao, kiloweke mdomoni kidogo kilainike. Nawa mikono. Kama una mtu wa kukushikia tochi, bora zaidi, maana magego ya juu hayajionyeshi kirahisi.

Na kabla hujaanza, piga picha ya meno yako ya mbele ya juu na ya chini ukiwa umevuta midomo. Utaihitaji baadaye.

Hatua ya kwanza: rangi, lakini usiitegemee sana

Vitabu vingi vinasema fizi nzima ni za rangi ya waridi na fizi zinazougua ni nyekundu. Vimeandikwa kwa vinywa vingine. Fizi za wengi wetu zina rangi ya kahawia, au zina mabaka meusi, au ni nyeusi tii kuanzia upande hadi upande, kwa sababu ileile inayoipa ngozi yetu rangi. Huo si ugonjwa wala si uchafu, na sioni sababu ya mtu kutafuta dawa ya kuzing'arisha. Kitu cha kuonyesha kwa daktari ni doa jipya jeusi ambalo halikuwepo na linakua.

Kwa fizi nyeusi, wekundu hujificha. Tazama ile pindo nyembamba kabisa inayogusa jino, kwa kuwa mara nyingi pindo hilo halina weusi mwingi kama ufizi ulio juu yake. Ukiliona limekoza kama tunda la zambarau au damu iliyovilia, na linang'aa kana kwamba limepakwa mafuta, hapo pana jambo. Linganisha kulia na kushoto. Rangi ya kuzaliwa hufanana pande zote mbili. Ugonjwa huwa na sehemu zake.

Hatua ya pili: umbo

Umbo halidanganyi kama rangi. Kati ya meno mawili kuna kipande cha ufizi chenye pembe tatu kinachojaza nafasi. Kikiwa kizima kinaishia kwa ncha nyembamba, kama ncha ya mkuki, na kimelala karibu na jino. Kikiugua kinakuwa mviringo, kimejaa, kama punje ya hindi la kuchemsha. Wapo watu wenye punje hizo mdomo mzima, wamezizoea, wakadhani ndivyo walivyoumbwa.

Sasa bonyeza ufizi kwa ncha ya kidole. Ufizi mzima umekaza, na ukiachia unarudi hapohapo. Unaougua unabonyea kama andazi lililolowa chai. Baadhi ya watu wana vidoadoa vidogo kwenye ufizi, mfano wa ganda la chungwa. Usipokuwa navyo si tatizo. Ulikuwa navyo na sasa vimepotea, ufizi umekuwa laini na wa kung'aa, hiyo ni alama ya uvimbe.

Hatua ya tatu: uzi, na damu

Kama ungefanya hatua moja tu kati ya hizi zote, ningekuomba ufanye hii. Mswaki unagusa nje na ndani ya jino, wakati ugonjwa huanzia katikati ya meno, mahali ambapo mswaki haufiki. Mtu anaweza kupiga mswaki bila tone la damu na bado akawa mgonjwa huko katikati.

Kata uzi wa urefu wa kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Uzungushie kwenye vidole vya kati, acha kipande kifupi katikati. Uingize kati ya meno mawili kwa kuuvuta mbele na nyuma taratibu kama unayekata kwa msumeno. Usiusukume kwa nguvu, utakata ufizi na kuharibu kipimo. Ukishapita, ukumbatishe kwenye jino moja, ushushe mpaka chini kidogo ya ufizi, pandisha, shusha mara moja tena. Halafu hamia kwenye jino la jirani, maana kila upenyo una kuta mbili. Subiri nusu dakika, kwa kuwa damu nyingine haitoki papo hapo. Pangusa uzi kwenye kitambaa cheupe.

Kwa mwenye kijiti, kiingize kutoka upande wa shavu, kikiwa kimelala, mara mbili au tatu kila upenyo, bila kuchoma.

Kama hujawahi kutumia uzi, alama za damu siku ya kwanza zinaweza kuwa zako mwenyewe, kwa mkono usiozoea. Rudia siku tatu au nne. Damu ya mkono mzito hubadilisha mahali na hukoma. Damu ya ugonjwa hurudi palepale, kila siku, upenyo uleule. Andika pahali hapo: "chini kulia, kati ya gego la kwanza na la pili." Karatasi hiyo ina thamani kuliko maelezo marefu utakayompa daktari.

Sasa wale wanaodanganywa na kipimo hiki. Wa kwanza ni mvuta sigara. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi zake zinaweza kuwa kavu na zimekaza huku mfupa unaliwa chini kwa chini. Kwa mvutaji, kutokuona damu si cheti cha uzima. Aende kupimwa hata kama kitambaa kimebaki cheupe. Na akiacha sigara, damu inaweza kuanza kuonekana baada ya wiki kadhaa. Nimepata wagonjwa waliokuja kulalamika kwamba kuacha sigara kumewaharibu fizi. Hakukuwaharibu. Kumeondoa pazia. Wa pili ni mla tambuu: mate yake ni mekundu tangu asubuhi, na damu haiwezi kutambulika humo. Asukutue mpaka maji yatoke meupe, asubiri, ndipo apitishe uzi. Mweka ugoro naye aikague zaidi sehemu anayouweka, kwa sababu ufizi hushuka hapohapo, na baka jeupe au kidonda kisichopona sehemu hiyo kinahitaji kuonwa mapema kwa hofu ya saratani.

Hatua ya nne: ugaga

Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini, pale yanapoingia kwenye ufizi. Kisha kwa kidole, gusa upande wa shavu wa magego makubwa ya juu. Sehemu hizo mbili ndizo zilizo karibu na milango ya mate, na ndiko ugaga huota kwanza. Pakiwa laini kama kioo, vizuri. Pakikwaruza kama una mchanga uliokwama, au ukihisi ukuta mmoja unaounganisha meno manne bila mipaka, huo ni ugaga. Wa juu ni wa njano au kahawia. Wa chini ya ufizi ni mweusi kwa kuchanganyika na damu, na wakati mwingine unauona kama kivuli kupitia pindo la ufizi.

Hapa nawaombea radhi watu wa Arusha na Meru, na ndugu zetu wa Nakuru na Naivasha. Meno ya kahawia ya huko yanatokana na floridi nyingi iliyomo majini, mtoto akiwa bado anajenga meno. Rangi hiyo iko ndani ya jino lenyewe, haitoki kwa kukwangua, na kwa kawaida inafanana kulia na kushoto. Haina uhusiano na fizi. Wengi wamesemwa kwamba hawapigi mswaki, nao wana fizi safi kuliko wanaowasema. Ugaga umekaa juu ya jino, karibu na ufizi, na ukucha unakwama ukiupitisha.

Hatua ya tano: meno yaliyorefuka na mianya mipya

Jino la mtu mzima halikui. Likionekana refu, ni ufizi umeshuka na mzizi umeanza kuchungulia, wenye rangi ya njano zaidi. Maji baridi au embe bichi litakutia ganzi hapo.

Si kila ufizi ulioshuka ni mgonjwa, lakini. Wapo wanaopiga mswaki mgumu kwa hasira kama wanaosugua sufuria iliyoungua. Kwao ufizi umeshuka upande wa shavu tu, hasa kwenye chonge, na uliobaki umekaza, hautoki damu. Dawa yao ni kubadilisha mswaki na mkono. Wa ugonjwa hushuka pia katikati ya meno, na hapo yanabaki matundu meusi yenye pembe tatu ambamo nyama na nyuzi za embe hazikosi kukwama.

Na mwanya. Mwanya wa kuzaliwa ni urembo, umeimbwa na kusifiwa. Mwanya ulioanza ukiwa na miaka arobaini ni habari nyingine. Tafuta picha yako ya zamani uliyocheka, ya harusi au ya mahafali, uiweke kando ya ile uliyopiga leo. Meno ya mbele yakiwa yamejitandaza kama vidole, au moja limejitokeza mbele ya mwenzake, basi mfupa nyuma yake umepungua na ulimi unayasukuma.

Hatua ya sita: kama linacheza

Usitikise kwa vidole; nyama ya vidole inabonyea na itakudanganya. Chukua kalamu mbili safi, weka mwisho usio na ncha wa kalamu moja mbele ya jino na wa nyingine upande wa ulimi, kisha sukuma kwa zamu, kidogo tu. Mtikisiko mdogo usioonekana kwa macho ni wa kawaida. Ukiuona kwenye kioo, si wa kawaida. Likizama unapolibonyeza kwenda chini, nenda wiki hiihii. Usiendelee kulichezea kila siku kwa ulimi ukipima kama limekaza.

Hatua ya saba: harufu na usaha

Nusa ule uzi, upenyo kwa upenyo. Harufu ya kinywa asubuhi kila mtu anayo, lakini uzi unaonuka kitu kilichooza kutoka sehemu moja tu unakuelekeza penye kifuko. Kisha weka kidole kwenye ufizi, usawa wa mzizi, ukisukume polepole kuelekea jino kama unayekamua tyubu ya dawa inayokaribia kuisha. Majimaji ya njano yakichungulia kwenye pindo, au ukisikia ladha ya chumvi mdomoni, huo ni usaha.

Umeona nini, ufanye nini

Kama ulichopata ni damu na uvimbe tu, bila ugaga mkubwa, bila jino kurefuka wala kucheza, jipe majuma mawili. Muda huo nina sababu nao. Mwaka 1965 watafiti wa Aarhus, Denmark, walichapisha jaribio ambalo kila anayesomea meno hulisoma: watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno kwa makusudi. Wote walipata uvimbe wa fizi, ndani ya siku 10 hadi 21. Waliporudia usafi, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo ufizi ambao tatizo lake ni ukoga peke yake hauhitaji miezi.

Majuma hayo mawili yafanyie kazi. Mswaki laini, mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, dawa yenye floridi. Ulaze mswaki uinamie kwenye ufizi, nusu ya nywele zake juu ya ufizi na nusu juu ya jino, utikise mahali hapohapo kwa hatua fupi, kisha sogea. Uzi kila usiku. Penye damu ndipo pa kukaa zaidi, kwa upole. Siku tatu za kwanza damu inaweza hata kuongezeka. Anayetumia mswaki wa mti, auendeleze kama ameuzoea: autafune mpaka nyuzi zilainike, akate ncha iliyochakaa kila siku, na akumbuke upande wa ndani wa meno, ambao wengi husahau. Uzi anauhitaji vilevile.

Siku ya kumi na nne rudia hatua ya tatu. Sehemu zilizoacha kutoa damu zimepona. Zinazoendelea, zina kitu chini ambacho mkono wako haufiki, na hapo kazi ni ya mtaalamu.

Usijipe majuma mawili kama umeona ugaga mnene, mizizi, mianya mipya, usaha au jino linalocheza. Weka miadi. Na wapo wengine ambao fizi zao zinataka kuonwa kwa sababu ya hali yao:

Mjamzito. Homoni hufanya fizi ziwe kali kwa ukoga kidogo, mara nyingi kuanzia mwezi wa pili. Wengine huota kinyama kwenye ufizi, chekundu, chepesi kutoa damu, ambacho kwa kawaida hunywea baada ya kujifungua. Imani kwamba mjamzito haruhusiwi kutibiwa meno haina msingi. Kusafishwa ugaga ni salama, na miezi ya katikati ndiyo yenye starehe zaidi kwake kulala kwenye kiti.

Mwenye kisukari. Sukari ikiwa juu fizi haziponi, na fizi zikiwa na ugonjwa sukari inakuwa ngumu kudhibiti. Nikiona mtu ana majipu ya fizi yanayojirudia huku na kule, swali langu la kwanza ni lini alipima sukari.

Anayemeza dawa za presha za jamii ya amlodipini na nifedipini, au fenitoini ya kifafa. Dawa hizi kwa baadhi ya watu hukuza fizi mpaka zikafunika nusu ya jino. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Mwambie aliyekuandikia.

Na kijana. Upo ugonjwa wa fizi unaowashika vijana hata wa umri wa kubalehe, ukala mfupa haraka kwenye meno ya mbele na magego ya kwanza, huku ukoga ukiwa kidogo na fizi zikionekana nzuri. Jino la mbele la mtoto wa miaka kumi na tano likicheza bila kuanguka wala kupigwa, usiambiwe ni utoto.

Ambayo hayasubiri kesho

Ufizi unaouma sana, ncha zake kati ya meno zimeliwa kama zilizokatwa, zimefunikwa na utando wa kijivu, na harufu ambayo hata wa pembeni anaisikia: nenda siku hiyohiyo. Huwapata zaidi walio na usingizi mbovu, msongo, sigara, au kinga iliyoshuka, na ni vyema kupima VVU wakati huohuo.

Mtoto mdogo, hasa wa miaka 2 hadi 6, aliyedhoofika kwa lishe au ametoka kuugua surua au malaria, akiwa na kidonda cha ufizi kinachonuka na shavu linaloanza kuvimba, huenda ni noma. Huo ni ugonjwa unaokula uso ndani ya siku chache, na usipotibiwa huua watoto wengi. Ukiwahiwa mwanzoni, dawa za kuua bakteria, usafi wa kinywa na lishe vinausimamisha. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele.

Uvimbe wa taya wenye homa, kushindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua, ni hospitali moja kwa moja. Na fizi zinazovuja damu zenyewe bila kuguswa, pamoja na uchovu, homa na michubuko isiyo na sababu, zinataka kipimo cha damu kabla ya kipimo cha meno.

Dawa za jikoni na za dukani

Maji ya uvuguvugu na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi: sukutua, yanatuliza, hayana ubaya, na hayaondoi ugaga. Karafuu inatuliza kweli, hata sisi tunatumia mafuta yake kwenye baadhi ya dawa za kuziba meno, lakini mafuta makali yakimiminwa kwenye ufizi yanauunguza. Mkaa na majivu hukwangua jino. Aspirini iliyosagwa na kuwekwa kwenye ufizi huacha kidonda cheupe. Nimekiona mara nyingi. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini inasaidia kwa muda mfupi, ila ikizidi majuma mawili hutia meno madoa ya kahawia.

Metronidazoli ya kununua bila kuandikiwa ndiyo inayonikera. Damu inapungua siku tano, mtu anashukuru, ugaga uko palepale, na mwezi ukiisha damu imerudi. Baadaye siku atakayoihitaji dawa ile kweli, huenda isimsaidie.

Ukifika kwa mtaalamu

Usiseme tu "nataka kusafishwa." Sema: "Fizi zinatoka damu hapa na hapa, naomba nipimwe vifuko." Kifaa chake ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, kinachoteremshwa polepole kuzunguka kila jino. Utasikia namba zikitajwa. Omba uziandikiwe. Tatu kushuka chini ni njema, nne ni ya kuangalia, tano kwenda juu ni matibabu, na huenda ukapigwa picha ya eksirei ionekane mfupa umebaki kiasi gani.

Kisha ugaga utakwanguliwa, wa juu na wa chini ya ufizi, pengine kwa sindano ya ganzi na kwa zaidi ya siku moja. Utaambiwa mtaani kwamba kusafisha kunalegeza meno. Kinachotokea ni hiki: ugaga ulikuwa umejaza nafasi ulizoachiwa na ufizi, na kama saruji ukayashikanisha meno yaliyokwisha kulegea. Ukiondolewa, unaona mianya iliyokuwepo siku zote na unahisi ganzi ukinywa baridi kwa siku kadhaa. Uvimbe ukishuka, meno mengi hukaza kuliko yalivyokuwa.

Rudi baada ya miezi mitatu hivi namba zipimwe upya. Yule mzee wa kiberiti, jino la jirani na lile lililotoka lilisoma 7 siku ya kwanza. Aliporudi lilisoma 5, na nilipolipitishia kifaa halikutoa damu.